Kiangazi cha Kumpeleka Nekoye Mlimani

Jumapili, 4 Januari 2004. Tuwan, Kitale

Shajara hii nilipewa na muuza mbegu aliyepita dukani kabla ya Krismasi. Kila ukurasa una picha ya hindi chini. Nimeamua nisiiache tupu kama zile za miaka mingine, maana mwaka huu nina jambo la kuandika: kabla mvua ya Machi haijaanza, Nekoye atalala usiku mmoja Mlima Elgon, ndani ya hema, na asubuhi atanishukuru.

Hema ninalo. Nililinunua kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa akifundisha watu ufugaji wa nyuki huko Endebess, alipokuwa akirudi kwao. Mlima naujua tangu nikiwa skauti. Kila mwaka hupanda, na Barasa, fundi wa mabomba tunayefanya naye kazi katika duka la baba, hupanda nami. Aliyebaki ni Nekoye.

Nekoye hupima maziwa kwenye kituo cha ushirika Bungoma. Akinusa jerikeni anaweza kukuambia ng'ombe alikula nini jana. Tumependana tangu Juni, alipokuja dukani kutafuta koki ya tangi lao. Leo baada ya kanisa nilimweleza mpango wangu. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Kimotho, si una nyumba?"

"Ninayo."

"Ina mabati?"

"Ina mabati."

"Basi Mungu akupe nini tena?"

Jumanne, 6 Januari

Vumbi tu. Hata chai ina vumbi.

Jumamosi, 10 Januari

Nilikwenda Bungoma. Tulikula samaki karibu na stendi, nikamweleza habari za mbega wenye mikia mirefu myeupe, baridi ya asubuhi, na jinsi ukiwa juu unavyoona mashamba ya Trans-Nzoia yote yamelala chini yako. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza, "Na choo?"

Nilijibu kwa uaminifu. Alicheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuona kuna nini.

Lakini amekubali kutembea. Kutembea tu, mchana, na jioni kila mtu kwake. Huo ni mwanzo.

Jumamosi, 17 Januari

Saiwa, kwenye kinamasi. Nilimbebea maji, kofia, dawa ya mbu, plasta za malengelenge na biskuti. Nilitembea mbele nikimwonyesha pa kukanyaga, kama mtu anayemsaidia nyanya yake kuvuka barabara. Baada ya saa moja alikuwa mbele yangu. Baada ya saa mbili nilikuwa nikimwita anisubiri.

Tukiwa kwenye daraja la mbao alinishika mkono ghafla. Kwenye matete, hatua kama thelathini hivi, nzohe, swala wa kinamasi, alikuwa amesimama ndani ya maji akitutazama. Mimi nimekwenda Saiwa mara sita na sijawahi kumwona hata mmoja. Nekoye alimwona mara ya kwanza.

"Yeye analala hapa tu kwa maji?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapa hapa."

"Pole yake."

Tukirudi alichuma majani fulani kando ya njia, akajaza kofia yangu. Ati ni mboga, kwao wanaipika na maziwa. Nilipomuuliza amejuaje kutembea hivi, alisema, "Wewe ulidhani kuni zilikuwa zinakuja zenyewe?"

Naona yuko tayari.

Jumapili, 18 Januari

Miguu yangu inauma. Nimempigia simu. Yake haiumi.

Jumatano, 28 Januari

Nimejaribu tena kumwomba kuhusu hema, kwa simu. Alibadilisha sauti. "Nimesema hapana, Kimotho. Kutembea, ndiyo. Kulala, hapana." Nilipouliza sababu, alisema kuna lori la maziwa linamsubiri.

Nilimweleza Barasa tukikata mabomba. Barasa ana jibu la kila kitu.

"Kosa lako ni kuuliza," alisema. "Wewe mwambie ni pikniki. Afike, aone kila kitu kiko tayari, chakula kinanukia, mto unapita. Atakataa aje? Mimi nitatangulia nipange."

Nimefikiri mchana kutwa. Naona ni wazo zuri.

Jumapili, 1 Februari

Sikuandika jana. Sikuweza.

Mjomba wa Barasa ana shamba kando ya mto Nzoia, mbele ya Kiminini. Jana Barasa alitangulia asubuhi na vifaa. Mimi na Nekoye tulifika saa tisa na nusu, tukashuka barabarani, tukakata katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa. Alikuwa amevaa gauni la manjano, amebeba keki aliyooka mwenyewe. Alikuwa akinieleza habari za mzee mmoja aliyeleta maziwa yenye chura ndani, akaapa kwamba chura aliingia njiani. Tulicheka njia nzima.

Tulipotokea penye miti, alinyamaza.

Barasa alikuwa amefanya kazi nzuri. Hema langu lilisimama kwenye nyasi, ili Nekoye alale peke yake kwa heshima. Kwa ajili yetu wanaume alikuwa amefunga turubai la buluu kati ya miti miwili, na chini yake akatandika magunia. Moto ulikuwa unawaka.

"Karibu nyumbani!" Barasa akaita.

Nekoye hakusogea. Hakuwa anatazama hema. Alikuwa anatazama turubai.

"Hiyo ni nini?" aliniuliza.

"Ni mshangao tu. Tutalala leo, kesho mapema nakurudisha. Nimekuletea mfuko wa kulalia, mpya kabisa, na—"

"Ulisema pikniki."

"Ndiyo, lakini—"

"Kimotho. Ulisema tunakwenda pikniki."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliweka keki juu ya jiwe, polepole, akageuka akaanza kutembea kurudi barabarani. Nilimfuata nikimwita. Nilimwambia anaaibisha watu waliojitahidi kwa ajili yake. Nilimwambia, na hili naliandika ili nilisome tena siku nyingine, kwamba anajifanya mtu wa mjini ilhali kwao ni Chwele.

Hapo alisimama akanitazama. "Usinifuate," alisema. Akapanda pikapu la vitunguu lililokuwa likielekea Webuye, akakaa mbele karibu na dereva, na sikuuona uso wake tena.

Barasa alisema ni maringo, yataisha. Tulikula keki. Ilikuwa nzuri sana.

Jumanne, 3 Februari

Meseji tatu. Hajajibu.

Ijumaa, 6 Februari

Upepo. Watu wanachoma mabua, moshi umetanda mpaka mlima hauonekani. Hajajibu.

Jumanne, 10 Februari

Nimepiga kituo cha ushirika. Aliyepokea alisema, "Nekoye amesema hayuko."

Alhamisi, 12 Februari. Chwele

Leo sikufungua duka. Nilikwenda soko la Chwele kumtafuta Lenah, dada yake Nekoye, anayeuza vitunguu. Nilitaka anisemee. Lenah aliponiona alisema tu, "Eeh, umefika," akaninyooshea kidole upande wa maharagwe. Mama yao, Mama Edinah, alikuwa ameketi nyuma ya magunia mawili akichambua mawe.

Tulikuwa tumeonana mara moja tu, harusi ya jirani yao. Nilisalimia nikabaki nimesimama mbali kidogo. Hakuniambia niketi. Alinisogezea ungo kwa mguu.

"Chambua."

Nikachuchumaa nikachambua. Wateja walikuja, wakapima, wakaondoka. Baada ya muda mrefu alisema bila kunitazama, "Wewe ndiye ulimwekea mutoto wangu turubai."

"Ni mimi, Mama. Lakini sikujua ni kosa gani. Nilitaka tu—"

"Hakukuambia."

"Hapana."

Aliokota jiwe, akalitupa. "Mwaka tisini na mbili tulikuwa tunakaa huko juu, upande wa mlima. Tulikuwa na nyumba nzuri. Vita ilipokuja, tukatoka. Tukakaa uwanja wa kanisa, chini ya turubai, watu wanne kwa ile nafasi ya gunia zangu hizi. Buluu. Ukiamka asubuhi hata sura ya mutoto wako ni buluu. Miezi saba. Nekoye alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye alikuwa anachimba mtaro, maji isituingilie. Lenah alikuwa mudogo, baba yao alikuwa mgonjwa. Nekoye alikuwa analala na viatu."

"Na viatu?"

"Miezi saba. Ati tukiambiwa kimbia, yeye yuko tayari."

Nilichambua maharagwe. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Jamaa zetu waliotoka mashambani walilala ndani ya duka letu, kati ya ndoo na misumari, na ninakumbuka nilivyofurahi kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa watu. Mwezi wa Agosti nilikwenda kambi ya skauti. Tulilala chini ya turubai pia. Tuliimba.

"Usimwambie nimekuambia," alisema Mama Edinah. Halafu akafikiri. "Ama mwambie. Nimechoka kuibeba pekee yangu."

Nilipoinuka kuondoka alikagua ungo wangu, akatoa mawe matatu niliyoyaacha.

Jumamosi, 14 Februari. Bungoma

Kila mtu mjini amebeba ua jekundu. Mimi sikubeba kitu. Nilimsubiri Nekoye nje ya kituo mpaka alipomaliza kuosha mitungi. Alitoka akinuka sabuni na maziwa, akaniona, akasimama.

"Nimekuja kuomba msamaha," nilisema. "Nilikwenda Chwele. Mama amenieleza."

Aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa.

"Amekueleza turubai."

"Na viatu."

"Hakukueleza vile tulitoka." Alikuwa anakausha mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa imekauka. "Baba alituamsha asubuhi. Akasema vaeni nguo za Jumapili, tunakwenda kusalimia shangazi. Nilivaa gauni nzuri. Nilibeba mayai sita ya shangazi kwa kikapu. Tulitembea mpaka jioni, ndio nikaona uwanja umejaa watu na turubai. Nikamuuliza Baba, shangazi yuko wapi? Hakunijibu. Sikumkasirikia, najua alitaka tusilie njiani. Lakini Kimotho, nilibeba hayo mayai siku mzima."

Niliona keki ikiwekwa juu ya jiwe.

"Sitakudanganya tena," nilisema. "Hata kwa jambo zuri. Na hema nitaliuza."

"Nani amesema uuze?" alifoka. "Umeshaamua tena! Hata sijaongea!" Lakini nadhani, sina hakika, mdomo wake ulitaka kucheka. "Nipe muda. Usinipigie. Nitakutafuta mimi."

Jumatano, 18 Februari

Nimemweleza Barasa. Alikaa juu ya mfuko wa saruji kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mwisho akasema, "Na mimi nikamwambia karibu nyumbani."

Jumapili, 22 Februari

Sijampigia.

Jumanne, 24 Februari

Simu imelia dukani. Meseji. "Hiyo hema ina milango mingapi?"

Nilijibu: "Miwili."

Baada ya saa moja: "Inafunguliwa kutoka ndani?" Nikajibu ndiyo. "Na ni rangi gani, sikuangalia." Kijani. "Sawa."

Sawa! Nilimuuzia mteja misumari ya mabati badala ya ya mbao, akarudi kunigombeza, nikamshukuru.

Jumamosi, 28 Februari

Nekoye alikuja Tuwan. Hakuja kunisalimia. Alikuja kulijua hema. Nililisimamisha uani, nyuma ya nyumba. Alilizunguka, akaingia, akatokea mlango wa pili, akaingia tena. Kisha akaling'oa lote, akaniambia nikae kando, akalisimamisha mwenyewe. Mara ya kwanza liliegemea upande. Akaling'oa. Mara ya tatu lilisimama vizuri kuliko ninavyolisimamisha mimi.

Mama yangu, Mwihaki, alikuwa ametoa kiti nje kutazama. "Na huko mlimani mtalala hema moja?" aliuliza, macho yakiwa kwangu.

"Mawili, Mama. Mimi na Barasa tutalala lile kuukuu la skauti."

"Sawa basi." Akamgeukia Nekoye. "Huyu alinivunjia sufuria mbili na haya mambo yake ya kambi. Ukifika huko, wewe ndiye upike."

"Hapana, Mama," Nekoye alijibu kwa adabu. "Nitakuwa mgeni."

Mama alicheka mpaka akamwaga chai.

Tukiwa tumeketi kwenye nyasi Nekoye alinipa masharti yake. Yeye ndiye atachagua mahali. Hakuna turubai, hata la kufunikia kuni. Na akisema twende, tunakwenda saa hiyo hiyo, na hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini. Nilikubali yote.

"Kwa nini unataka kwenda sasa?" niliuliza.

"Mlima ule ulikuwa wetu pia," alisema. "Nataka nilale huko siku moja kwa sababu nimetaka."

Jumatatu, 8 Machi

Mawingu mchana, hakuna mvua. Wakulima wanakuja kununua majembe. Baba anauliza kama lazima niende wiki hii. Lazima.

Jumapili, 14 Machi

Nimerudi sasa hivi. Nina matope hadi masikioni. Niandike kabla sijasahau.

Tulipanda Ijumaa. Askari wa lango alituonyesha uwanja wa kambi, tambarare, wenye nyasi laini. Nekoye alitazama akatikisa kichwa. Alitembea huku na huko, akakanyaga ardhi kwa kisigino, akachagua mahali penye mwinuko mdogo kati ya miti miwili ya podo. Sisi tukabaki uwanjani kwenye nyasi laini. Barasa alikuwa amemwomba msamaha njiani, kwa maneno aliyoyakariri, akakwama katikati. Nekoye alimmalizia.

Siku ya kwanza ilikuwa kavu. Alilala, nadhani kidogo. Asubuhi nilimkuta nje amejifunga blanketi akitazama mbega wakiruka. "Wanapiga kelele kama mkutano wa ushirika," alisema. Tulitembea mpaka kwenye mapango, akaingia ndani kabisa kuliko Barasa, ambaye anaogopa popo na hataki ijulikane.

Jana, Jumamosi, tulirudi kambini saa tisa. Mbingu zilikuwa safi. Nekoye aliinua uso, akavuta pumzi kama anavyonusa maziwa, akachukua koleo dogo la Barasa akaanza kuchimba kuzunguka hema lake.

"Dada, hiyo ni ya nini?" Barasa aliuliza. "Hakuna hata wingu."

"Ya maji."

"Maji gani?"

Aliendelea kuchimba. Niliona mikono yake ikifanya kazi. Mtaro mwembamba, udongo ukitupwa upande wa nje, mdomo ukielekezwa bondeni. Hakuwa akifikiri. Nilichukua mti uliochongoka nikaanzia upande wa pili, tukakutana nyuma.

Saa kumi na moja mvua ilikuja. Haikuanza kwa matone. Ilianguka tu, kama tangi limepasuka. Katika dakika kumi hema letu la skauti lilikuwa bwawa. Niliona kiatu cha Barasa kikielea nje. Tulikimbilia kwa Nekoye tumejifunika sufuria, na mlangoni nilisimama.

"Tuingie?"

Nilimwona akitazama uwanja, mvua, watu wawili walioloa wakimwomba nafasi. Uso wake ulibadilika, nikajua hakuwa hapa. Maji yalikuwa yakipita kwenye mtaro kwa kasi, pande zote mbili, na ndani pakavu kama kabatini.

"Nekoye," nilisema. "Ukisema twende, tunakwenda."

Alinitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa ikiniingia kwenye kola.

"Nani aende na hii mvua?" alisema. "Ingieni. Barasa, futa miguu."

Tuliketi watatu tumekunja magoti. Tulikula githeri baridi ya mahindi na maharagwe. Barasa alieleza jinsi alivyoanguka ndani ya tangi la shule akiwa fundi mwanafunzi, na Nekoye alicheka mpaka akaegemea bega langu. Ilipotulia tukaona tusingeweza kurudi kwetu, tukalala pale pale tumebanana kama viazi. Nekoye alikuwa na viatu vyake miguuni, kamba zimefungwa. Nilitafuta vyangu vilivyoloa, nikavivaa, nikafunga kamba. Aliona.

"Mbona mnalala na viatu?" Barasa akauliza.

"Ndio tunapenda," alisema Nekoye.

Barasa akafikiri, akavaa kiatu chake kimoja kilichobaki.

Asubuhi ya leo dunia ilikuwa imeoshwa. Kutoka kwenye mwinuko tuliona mpaka milima ya Cherangani. Nilipoanza kung'oa vigingi Nekoye alisema, "Unaharakisha wapi?" Alitaka siku nyingine. Kuisha kwa chakula tu ndiko kulikotushusha.

Jumatano, 17 Machi

Mafua. Barasa pia. Nekoye hana.

Jumamosi, 27 Machi

Mvua sasa ni ya kila siku, watu wanapanda. Leo Nekoye alinipeleka kwao Chwele na hema, kwa kuwa Mama Edinah ametaka kuona hiyo nyumba ya kitambaa. Tulilisimamisha kwenye nyasi karibu na jikoni. Nekoye alieleza kila kigingi kama mwalimu. Mama alilizunguka, akavuta kamba, akabonyeza kitambaa, akasema ni imara.

Kisha matone. Lenah alinyakua ungo wa maharagwe yaliyokuwa yakianikwa, sote watatu tukakimbilia ndani ya hema. Nilipogeuka, Mama hakuwa nasi. Alikuwa amebanwa chini ya ukingo wa paa la jikoni, mlango nyuma yake umefungwa, bega moja linaloa, na hema lilikuwa hatua chache tu mbele yake.

Aibu ilinishika. Nilifikiri, mjinga wewe, umemletea tena kitu kile kile, mpaka mlangoni kwake. Nikatoka mvuani nikamwendea.

"Mama, nisamehe. Sikufikiria. Naling'oa sasa hivi."

"Ung'oe nini?"

"Hema. Najua linakukumbusha—"

"Wee kijana, hiyo nilimalizana nayo kitambo. Hiyo hema ni ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Na wewe unalalanga ndani?"

"Ndiyo."

"Sasa umeona wapi mama akiingia mahali mukwe wake analala?" Alinitazama kama siku ile nilipoacha mawe kwenye ungo. "Kwenu hakuna heshima?"

Mkwe! Nilibaki nimesimama. Maji yalikuwa yakinitiririka usoni na sikuyafuta.

"Mama anasema nini?" Nekoye aliita kutoka hemani. "Kimotho! Amesema nini?"

Mama Edinah alikunja kanga yake vizuri begani, akageuza uso upande wa migomba.

"Enda umwambie," alisema.

Nikavuka uwanja taratibu, katikati ya mvua, kwenda kumwambia.